Apangaye Habari, Je, Hasemi Neno?

Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu twalifanya kila siku bila kuliwaza, nalo ni desturi ya kutafuta jina la mtu katika intaneti. Kamati ya shule yataka kumwajiri mwalimu. Kabla mwalimu hajaketi mbele yao, mmoja wao amekwisha kutoa simu yake na kuandika jina lake. Baba aletewa barua ya posa ya binti yake. Usiku ule ule alitafuta jina la kijana. Hawaendi tena kwao kijana kuwauliza majirani. Huuliza mtambo, nao mtambo huwapa majibu kabla hawajafumba jicho.

Zamani habari ya mtu ilikuwa na mwenyewe. Ukisikia ya kuwa fulani ni mwizi, waweza kuuliza, Nani aliyesema? Ukiambiwa ni jirani yake, ambaye wamegombania mpaka wa shamba miaka 10, basi wajua jinsi ya kuyapima maneno yake. Lakini mtambo wa kutafutia habari haugombanii mpaka na mtu. Hauna shamba, wala hauna wivu. Tena wenye mtambo hutuambia ya kuwa hausemi neno lake wenyewe, ila hutuonyesha maneno ya wengine tu, yamepangwa kwa safu. Ndiyo sababu twauamini kuliko tunavyowaamini jirani zetu. Nami nauliza: je, apangaye maneno ya wengine, akayaweka haya mbele na yale nyuma, hana sehemu katika maneno yale? Au naye ni shahidi pamoja na wale waliosema?

Ili tusihukumu kitu tusichokijua, yafaa nieleze kidogo jinsi mtambo huu ufanyavyo kazi. Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika California, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha kampuni ya Google. Mitambo ya kutafutia ilikuwapo kabla yao, lakini hiyo ilitazama zaidi maneno yenyewe: ukurasa uliorudia neno mara nyingi uliweza kupata nafasi ya mbele. Hawa wawili walileta hesabu nyingine. Kurasa za intaneti zimefungamanishwa kwa viungo. Ukibonyeza kiungo katika ukurasa huu wapelekwa kwenye ukurasa ule. Wakasema, Kiungo na kihesabiwe kama kura. Ukurasa ulioelekezewa viungo vingi ni wa maana, tena kura itokayo katika ukurasa wa maana ina uzito kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Tangu siku zile kanuni nyingi zimeongezwa, na nyingi ni siri ya kampuni, lakini msingi ni ule wa wazee wetu waliosema, Wengi wape. Na leo kampuni hiyo moja imewapita wenzake wote mbali sana. Mwezi wa Agosti 2024 hakimu mmoja wa Marekani, Amit Mehta, aliamua ya kuwa imejihifadhia utafutaji peke yake kinyume cha sheria, naye alieleza ya kuwa karibu maswali 90 katika kila 100 ya nchi ile hupita mikononi mwake.

Wengi wape ni mithali njema watu wanapogawana, au wanapochagua njia ya kupita. Lakini wazee hao hao hawakuitumia kuamua kama mtu ameiba. Hapo waliita mashahidi, wakawauliza mmoja mmoja.

Labda msomaji atasema, Mbele au nyuma, kurasa zote zipo. Mwenye macho na azisome zote. Lakini sisi twajijua. Mtu aliyeletewa kurasa elfu husoma tatu au nne za kwanza, akaifunga simu. Ile ya 30 ni kama haikuandikwa. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Epstein na Ronald Robertson, walitangaza majaribio yao juu ya jambo hili. Walichukua watu 4,556 ambao walikuwa hawajaamua wamchague nani, wengine wa Marekani, na wengine wa India wakati wa uchaguzi mkuu wa 2014. Wale wa Marekani walipewa habari za uchaguzi wa Australia wa 2010, kwa kuwa hawakuwajua wagombea wake. Kurasa zilikuwa zile zile kwa wote, ila zilipangwa mbalimbali: kundi hili liliwekewa mbele zilizomsifu huyu, na kundi lile zilizomsifu yule. Ikaonekana ya kuwa mpango peke yake waweza kugeuza mawazo ya watu 20 katika 100 ya wale wasioamua, au zaidi, na wengi wao hawakutambua hata kidogo ya kuwa wamepangiwa. Majaribio hayo hayathibitishi ya kuwa kampuni fulani imefanya hivyo katika uchaguzi fulani. Yaonyesha tu ya kuwa lawezekana. Kwa swali letu yatosha. Hakuna neno la uongo lililosemwa, wala hakuna ukurasa ulioongezwa, lakini mtu mmoja ameinuliwa na mwenzake ameshushwa.

Sasa nitasimulia kwa kirefu habari moja ya Ujerumani, maana huko swali letu lilifikishwa mbele ya mahakimu. Christian Wulff alikuwa Rais wa nchi ile tangu Juni 2010 hata Februari 2012, na kabla ya hapo alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Niedersachsen, ambalo mji wake ni Hannover. Watu wa siasa wa huko walianza kunong'ona juu ya mkewe, Bettina, ya kuwa kabla ya ndoa yao alikuwa amefanya kazi ya aibu. Neno lenyewe sitaliandika. Halikuwa na ushahidi wo wote, naye mwenyewe alilikana kwa maandishi yenye nguvu ya kiapo. Lakini uvumi haungoji kiapo. Ulitoka katika mabaraza ya siasa ukaingia katika vyumba vya waandishi wa magazeti, na kutoka huko ukaingia katika intaneti.

Ni lazima hapa nieleze desturi nyingine ya mtambo. Ukianza kuandika jina, kabla hujamaliza, wenyewe hukuletea maneno ya kulimalizia swali lako, kama mtu akunong'onezaye sikioni, Hukutaka kuuliza hili? Maneno hayo huyapata kwa kuhesabu yale ambayo watu wengine wameandika kabla yako. Basi watu waliousikia uvumi ule juu ya mama Wulff walifanya lile ambalo wengi wetu tungalifanya: walikwenda kutafuta. Kila mmoja alijiambia moyoni, Mimi sisemi ya kuwa ni kweli, nataka kujua tu. Wakaandika jina lake na neno lile pamoja. Mtambo ukahesabu, ukaona ya kuwa waandikao jina hili mara nyingi huongeza na neno hili. Na tangu hapo kila aliyeanza kuandika jina la mama huyo, hata kama alitaka kujua mahali alipozaliwa tu, aliletewa lile neno la aibu. Naye akishangaa hulibonyeza, na kubonyeza kwake huhesabiwa kuwa swali jingine. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa lisilokuwapo lililetwa na wale wale waliouliza kama lipo.

Mwezi wa Septemba 2012 Bettina Wulff aliishtaki kampuni ya Google huko Hamburg. Majibu ya kampuni yafaa kusikilizwa kwa makini, maana ni majibu tuyajuayo tangu utoto. Walisema ya kuwa maneno yale si yao. Yaletwa na hesabu ya mashine peke yake, na hesabu yafuata yale ambayo watu wametafuta. Yaani, Si mimi nisemaye, watu ndio wasemao. Je, yuko msengenyaji aliyewahi kujitetea kwa namna nyingine? Nenda kisimani, nenda sokoni, nenda hata penye baraza la wazee: kila aletaye habari mbaya ya mwenzake huanza na, Nimesikia watu wakisema.

Kabla shauri lile halijaisha, mahakama kuu ya Ujerumani katika mambo ya madai iliamua shauri jingine la namna hiyo, tarehe 14 Mei 2013. Mwenye biashara mmoja alilalamika ya kuwa mtambo hulifuatisha jina lake na neno la udanganyifu. Mahakama za chini zilikuwa zimemkatalia. Mahakimu wakuu wakasema ya kuwa msomaji aonaye jina na neno lile vimewekwa pamoja hufahamu ya kuwa viko na uhusiano wa kweli. Kwa hiyo pana usemi, na mwenye mtambo hawezi kunawa mikono. Walakini hawakumtwika mzigo wa kuchunguza kila neno kabla halijatokea. Wajibu wake, walisema, huanza siku anapojulishwa ya kuwa haki ya mtu imeumizwa. Shauri la Bettina Wulff nalo likamalizika kwa mapatano mwaka 2015.

Mimi naona ya kuwa mahakimu wale walipima vema, ingawa hawakumaliza. Walitenga hali mbili ambazo sisi huzichanganya: mtu apitishaye neno baya bila kujua, na yule aliyekwisha kuambiwa, kisha akaendelea kulipitisha. Tofauti hiyo ni ya kweli katika kila kijiji. Lakini imebaki shida moja. Mke wa Rais hujua wakili wa kumwendea, na mwenye biashara vile vile. Mvuvi au mkulima ambaye jina lake limeharibiwa, pengine hajui hata ya kuwa limeharibiwa. Yeye huona tu ya kuwa watu hawamwajiri, wala hakuna anayemwambia sababu.

Wako wasemao, Mashine haina moyo. Kisicho na moyo hakina nia, na pasipo nia hapana kosa. Maneno haya yana nusu ya ukweli. Mzani nao hauna moyo. Lakini mwenye duka ndiye aliyeuchagua mzani, naye ndiye auwekaye juu ya meza kila asubuhi. Mnunuzi akipunjwa, hatumwulizi mzani. Kanuni ya kupanga kurasa kwa wingi wa viungo, na kanuni ya kuleta maneno kwa wingi wa waulizaji, ziliwekwa na watu wenye akili, nao wangaliweza kuweka nyingine. Nao hubadili kanuni hizo mara nyingi, wapendapo.

Wala si lazima neno baya lisemwe waziwazi. Latanya Sweeney, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye ni Mmarekani mweusi, aliona siku moja ya kuwa jina lake likitafutwa huja pamoja na tangazo la biashara lenye kuuliza kama mwenye jina hilo amewahi kukamatwa na polisi. Hakuwa amekamatwa kamwe. Akafanya uchunguzi kwa majina mengi, akautangaza mwaka 2013: majina ambayo mara nyingi hupewa watoto weusi yalivuta matangazo ya namna hiyo kuliko majina ambayo hupewa watoto weupe. Tangazo halikusema ya kuwa mtu amekamatwa. Liliuliza tu. Lakini mwajiri aonaye jina la mtu kando ya swali la polisi hana haja ya kungoja jibu.

Kama mtambo hupanga kwa kufuata wingi, basi wako wajuao kuutengeneza wingi. Mwaka 2003 wapinzani wa Rais George W. Bush wa Marekani walipatana kuweka katika kurasa zao viungo vyenye maneno ya kumwita mtu aliyeshindwa vibaya, vikielekea ukurasa wa serikali wenye habari za maisha yake. Mtambo ukazihesabu kura. Na kila aliyetafuta maneno yale alimpata Rais. Watu walicheka sana. Kampuni ilibadili kanuni zake mwezi wa Januari 2007, na mchezo ule ukakoma. Lakini mwaka 2006, kabla ya uchaguzi wa bunge la nchi ile, wafuasi wa chama cha Democratic walikuwa wamekwisha kuutumia ufundi huo huo kwa kazi isiyo ya kuchekesha. Walichagua habari za magazeti zilizowaaibisha wagombea kadhaa wa chama cha Republican, wakazielekezea viungo vingi, ili mtu akitafuta jina la mgombea akutane nazo kwanza. Hapa shauri letu ni gumu zaidi, maana habari zile hazikuwa uzushi wa kampeni. Zilikuwa zimekwisha kuchapwa katika magazeti. Kumsukumia mtu habari yake ya kweli hata ifunike habari zake nyingine zote, je, ni kusema kweli? Mimi nasema ni nusu ya kusema kweli. Ukiwa na mtu mwenye matendo 100, nawe ukasimama mlangoni pake ukimtangaza kwa tendo lake moja baya kila anayepita, hukusema uongo, wala hukumshuhudia kwa haki.

Wala mambo haya hayakukaa ng'ambo. Katika uchaguzi wa Kenya wa 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipokuwa akishindana na Raila Odinga, ilitokea tovuti iliyojiita The Real Raila, yaani Raila wa kweli, isiyokuwa na jina la mwenyewe. Humo palikuwa na sinema fupi ya kutisha iliyoonyesha Kenya ya mwaka 2020 imejaa njaa na damu, endapo Raila atashinda. Watu waliotafuta katika Google habari za uchaguzi waliletewa matangazo ya kulipiwa yenye kuwaelekeza kwenye tovuti ile. Mwezi wa Desemba 2017 shirika la Privacy International la Uingereza lilitoa taarifa ya kuwa kazi hiyo ilifanywa na Harris Media, kampuni ya Texas huko Marekani, kwa ajili ya kampeni ya Kenyatta. Fikirini jambo hili. Mkulima wa Nyeri au wa Kisumu, mwenye haki ya kupiga kura, auliza swali lake la uchaguzi kwa moyo safi. Jibu lililowekwa juu kabisa limelipiwa. Walioliandaa wako upande wa pili wa bahari, na hawataishi hata siku moja chini ya serikali itakayochaguliwa. Angalikuja mtu wa Texas nyumbani kwake akamwambia maneno yale, mkulima angalimwuliza, Wewe u nani, na nani amekutuma? Mtambo ulimwondolea nafasi ya kuuliza. Ni kweli neno dogo la kuonyesha ya kuwa ni tangazo huandikwa kando, lakini ni wangapi walitazamao?

Kama fedha yaweza kununua nafasi ya mbele, yaweza pia kununua kusahauliwa. Waswahili husema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi cha nani hujitembeza na cha nani hufichwa ni shauri la mfuko. Mwezi wa Novemba 2011 polisi wa Chuo Kikuu cha California huko Davis aliwapulizia dawa ya pilipili machoni wanafunzi walioketi chini wakilalamika kwa amani, na picha zake zilienea ulimwenguni. Mwezi wa Aprili 2016 gazeti la Sacramento Bee lilieleza ya kuwa chuo kile kilikuwa kimewalipa washauri si chini ya dola 175,000 ili wazisukume nyuma habari hizo na kuziweka mbele habari nzuri. Haikufaa kitu, maana waliposikia hayo watu wakazitafuta picha upya. Lakini hao ni wale waliojulikana. Mwezi wa Februari 2023 waandishi wa habari walioungana chini ya shirika la Forbidden Stories walifunua kazi za kampuni moja ya Hispania iliyosafisha majina ya wenye fedha, na wengine wao walikuwa wahalifu. Mojawapo ya hila zake ilikuwa hii: kunakili habari ya gazeti katika tovuti ya uongo, kuiandikia tarehe ya nyuma, kisha kudai kwa Google ya kuwa gazeti ndilo lililoiba, ili habari ya gazeti iondolewe. Mwandishi aliyefanya kazi yake kwa haki akaitwa mwizi, ili mwizi apate kuitwa mtu mwema.

Baada ya kusikia hayo, labda tutaona ya kuwa ni afadhali kitu cho chote kisiondolewe kamwe. Na kweli, iko faida kubwa katika kumbukumbu isiyosahau. Mganga aliyefukuzwa kazi kwa kuua wagonjwa kwa uzembe, kiongozi aliyekula fedha za wananchi, mwalimu aliyewadhuru watoto akahamia mkoa mwingine: watu hao wametegemea sana usahaulifu wetu, nao mtambo umewanyang'anya maficho yao. Mimi siwahurumii.

Lakini yuko na mtu mwingine, naye si wa namna hiyo. Mwaka 1998 gazeti la La Vanguardia la Barcelona lilichapa matangazo mawili mafupi, kama sheria ya Hispania ilivyotaka, ya kuwa nyumba ya mtu fulani itapigwa mnada kwa ajili ya deni lake la bima ya serikali. Deni likaisha. Miaka ikapita, mtu yule akaendelea na kazi yake. Kisha gazeti likatia kurasa zake zote za zamani katika intaneti, na mtambo wa Google ukazisoma. Mwaka 2010 mtu yule alilalamika ya kuwa kila atafutaye jina lake hukutana na mnada ule, kana kwamba ulitangazwa jana. Hakusema ya kuwa tangazo ni uongo. Alisema ya kuwa limepita.

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo: ndivyo tulivyolelewa. Mtu akidaiwa, kisha akalipa, ni aibu kumkumbusha deni lake mbele ya wageni. Si kwamba majirani wamesahau kweli, wanakumbuka sana. Ila wana adabu ya kutolitaja. Nadhani hapa ndipo palipo tofauti kubwa kati ya mtambo na kijiji. Kijiji kina kumbukumbu, tena kina adabu ya kumbukumbu: chajua ni lini neno latajwa, na mbele ya nani. Mtambo una kumbukumbu bila adabu hiyo. Kwake tangazo la 1998 na la leo asubuhi ni sawasawa, kama kanuni haikuambia vinginevyo.

Mahakama ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua shauri hilo tarehe 13 Mei 2014. Gazeti liliachwa na kurasa zake, kwa kuwa lilichapa kwa halali. Lakini kampuni ya mtambo iliambiwa ya kuwa haiwezi kujiita mpita njia. Atafutaye jina la mtu hupewa sura nzima ya maisha yake iliyokusanywa kutoka huku na huku, na kuikusanya sura hiyo ni kazi ya kampuni yenyewe, si ya gazeti. Kwa hiyo mtu aweza kuiomba iondoe kiungo kinachofuata jina lake, ikiwa habari imepitwa na wakati au haina maana tena, isipokuwa mtu huyo ana nafasi katika mambo ya watu wote, hata wananchi wakawa na haki ya kuijua. Tangu hapo maombi zaidi ya 1,000,000 yamepelekwa kwa kampuni hiyo, na mengi yamekataliwa.

Wengine waliulaumu uamuzi huo, wakasema ya kuwa umeipa kampuni ya biashara kiti cha hakimu: makarani wake ndio waamuao ni nani asahauliwe. Lawama hiyo ina haki, nami naona hatari yake. Lakini tusisahau ya kuwa kiti kile walikuwa wamekwisha kukikalia. Siku walipoamua ni ukurasa gani uwe wa kwanza chini ya jina la mtu, walihukumu. Kilichoongezwa ni kwamba sasa aliyehukumiwa aweza kuwasemesha. Wala si kila mtu duniani. Tarehe 24 Septemba 2019 mahakama hiyo hiyo ilisema ya kuwa sheria ya Ulaya haiilazimishi kampuni kuondoa kiungo katika nchi zote za ulimwengu. Neno lililofichwa Barcelona laweza kusomwa Moshi. Kwetu, Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, nazo humruhusu mtu kudai habari zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Ni mlango mzuri, ila bado ni wachache waujuao.

Yule mtu wa Hispania alishinda shauri lake, na kwa sababu alishinda, jina lake likaandikwa katika magazeti ya dunia yote, tena katika vitabu vya wanafunzi wa sheria, pamoja na deni lake, na nyumba yake, na mnada wake. Deni ambalo pengine lilijulikana na watu wa mtaa mmoja sasa lajulikana mahali asipopajua. Msomaji ameona ya kuwa sikuliandika jina lake hapa, ingawa kulipata katika simu ni kazi ya dakika moja.